Kamera na Kauli: Mbinu za Filamu na Masuala ya Jamii katika Sinema ya Uhalisia wa Kijamii

1. Utangulizi

Mwanafunzi aliyelelewa katika uhakiki wa Kiswahili wa shule za sekondari huijua fika njia ya kuikabili kazi ya sanaa. Huigawa sehemu mbili, fani na maudhui. Upande wa maudhui huorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Upande wa fani hutaja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mgawanyo huu una manufaa yake, hasa kwa anayeanza. Hata hivyo, unapohamishiwa kwenye filamu huzaa upungufu mkubwa. Mhakiki huandika kwamba filamu fulani inazungumzia umaskini, rushwa na uonevu wa wanawake, kisha huongeza aya moja ya kusema kwamba picha ni nzuri na waigizaji wamefanya kazi yao vyema. Kwa namna hiyo filamu mbili zenye dhamira ileile, moja yenye kina na nyingine ya porojo tupu, huonekana kuwa sawa.

Mhadhara huu unashikilia hoja moja. Katika sinema ya uhalisia wa kijamii, suala la jamii halitangulii likaja kuvishwa mbinu kama mtu avishwavyo kanzu. Mbinu ndiyo inayolifanya suala hilo lionekane kuwa suala. Kamera inaposimama mahali fulani, picha inapodumu kwa muda fulani, mtu anaposema kwa lugha fulani au anaponyimwa sauti, tayari hukumu kuhusu jamii imekwisha kutolewa, hata kama hakuna mhusika aliyelitamka neno "umaskini". Na kwa kuwa uwanja wa mhadhara huu ni taaluma za Kiswahili, mbinu inayopewa uzito zaidi ni ile ambayo wahakiki wengi wa sinema huipita haraka, nayo ni lugha: nani anasema, anasema kwa lugha gani, na sauti inayosikika ni ya nani.

Hoja hiyo inafuatiliwa kupitia filamu sita. Mbili ni za Italia za mwaka 1948, kwa sababu Italia ya baada ya Vita Vikuu vya Pili ndiko mbinu hizi zilikokomaa. Tatu ni za Ousmane Sembène wa Senegali, za miaka 1963 hadi 1968, kwa sababu yeye alilikabili waziwazi swali la lugha ya Kiafrika mbele ya kamera. Ya mwisho ni ya Nairobi, ya mwaka 2012, ambamo msomaji wa Kiswahili anaisikia lugha yake mwenyewe ikishiriki katika ugomvi huohuo.

2. Istilahi: kijamii na kijamaa

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi ziwekwe sawa. "Kijamii" na "kijamaa" ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya, na katika umbo la Kiswahili yametenganishwa na irabu za mwisho tu. Matokeo yake ni kwamba "uhalisia wa kijamii" na "uhalisia wa kijamaa" huchanganywa mara kwa mara, ilhali historia zake ni mbalimbali.

Uhalisia wa kijamaa ulitangazwa rasmi kuwa mwongozo wa sanaa katika Mkutano Mkuu wa Kwanza wa Waandishi wa Umoja wa Kisovieti, mjini Moscow, mwaka 1934. Ulimtaka msanii auonyeshe uhalisi katika mwendo wake wa kimapinduzi, yaani aonyeshe mambo yanakoelekea na yanakopaswa kufika. Kwa hiyo ulihitaji shujaa wa kupigiwa mfano, mtu ambaye mtazamaji angetoka ukumbini akitamani kumwiga. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili waliutumia sana mkabala huu katika kuzijadili riwaya na tamthilia zilizoandikwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Uhalisia wa kijamii hauna mkutano uliouzaa wala kamati iliyoupitisha. Ni jina wanalopewa wasanii waliowaelekezea macho watu wa kawaida katika mazingira yao ya kawaida, wakaonyesha jinsi mpangilio wa jamii unavyoyabana maisha yao. Shujaa wake si lazima ashinde wala si lazima awe mwema. Mara nyingi filamu humalizika bila jawabu, na swali humfuata mtazamaji hadi nyumbani. Tofauti hiyo inamhusu Sembène kwa namna ya pekee. Alisomea sinema Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafundishwa na mwongozaji Mark Donskoy, lakini filamu zake za kwanza hazina shujaa wa bango. Zina mwendesha mkokoteni aliyeshindwa, mtumishi wa nyumbani aliyejiua na mzee aliyetapeliwa.

3. Roma, 1948: mahali, muda na macho ya mtoto

Filamu ya Vittorio De Sica, Ladri di biciclette, ni ya mwaka 1948. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Antonio Ricci, asiye na kazi, anapata kibarua cha kubandika mabango kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anatandua mashuka ya kitanda na kuyapeleka yakawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi baiskeli inaibwa. Sehemu iliyobaki ya filamu ni safari ya baba na mwanawe Bruno wakiitafuta mjini Roma.

Mwandishi wa habari angeweza kuueleza ukosefu wa kazi wa wakati ule kwa tarakimu. De Sica anaueleza kwa picha moja. Maria anapoyakabidhi mashuka yake, mfanyakazi wa nyumba ya rehani anayachukua na kuanza kupanda kwenye rafu. Kamera inamfuata. Anapanda, na rafu zinaendelea. Anapanda tena, na bado zinaendelea, zote zimejaa vifurushi vya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayesema kitu. Mtazamaji aliyeanza kwa kumhurumia mwanamke mmoja anajikuta anaona mji mzima ukilala bila shuka. Hapo dhamira imetoka wapi? Haikutoka katika mazungumzo, kwa kuwa hayapo, wala katika kisa, kwa kuwa kisa kilihitaji tu Maria apokee fedha. Imetoka katika uamuzi wa kuiacha kamera ipande. Laiti picha ingekatwa pale mashuka yalipopokewa, kingebaki kisa cha familia maskini, na suala la jamii lingepotea.

Mbinu ya pili ni matumizi ya mahali halisi na ya watu wasio waigizaji wa kazi. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza kama Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. De Sica alikuwa amekataa pendekezo la kumtumia Cary Grant, nyota wa Hollywood. Sababu ya mbinu hii si unafuu wa gharama. Mtazamaji anapomwona nyota, anajua kwamba nyota atasalimika, maana amekwisha kumwona akisalimika katika filamu nyingine. Uso usiojulikana hautoi ahadi hiyo. Aidha, Antonio anapoingia katikati ya umati wa Roma, anapotea kweli, kwa sababu hana sura ya kumtofautisha na wengine. Kuwa mmoja wa wengi, jambo ambalo ndilo kiini cha filamu, kunaonekana kwa jicho.

Mbinu ya tatu ni kumweka mtoto awe shahidi. Katika mkahawa, Bruno anakula huku akimtupia jicho mtoto wa kitajiri aliyekaa meza ya pili. Picha zinabadilishana kati ya nyuso mbili za watoto, na tofauti ya kitabaka inasomeka katika namna ya kushika kisu na uma. Mwishoni, Antonio aliyekata tamaa anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa na kudhalilishwa mbele ya mwanawe. Mwenye baiskeli anamwachilia. Adhabu ya polisi haikuja, lakini mtazamaji ameona iliyo kubwa zaidi, nayo ni macho ya Bruno.

Jina la filamu linastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Ladri ni wingi. Filamu ilipopelekwa Marekani iliitwa kwa umoja, kana kwamba mwizi ni mmoja na kazi iliyobaki ni kumsaka. Kiswahili hakiruhusu uzembe huo kwa urahisi: kiambishi cha ngeli humlazimisha mfasiri achague kati ya "mwizi" na "wezi". Ni lazima iwe Wezi wa Baiskeli, kwa sababu mwishoni Antonio naye ameingia katika wingi huo. Kosa la wakati mmoja la mtu mmoja limeonyeshwa kuwa zao la hali inayoweza kumfanya mtu yeyote kuwa mwizi. Hoja nzima ya filamu imo katika kiambishi.

4. Aci Trezza: lugha ya maskini

Mwaka huohuo wa 1948 Luchino Visconti alitoa La terra trema, filamu iliyopigwa Aci Trezza, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Sicilia, na kuigizwa na wavuvi wenyewe. Kisa, kilichochotwa kwa mbali katika riwaya ya Giovanni Verga ya mwaka 1881, ni cha familia inayoweka nyumba rehani ili imiliki chombo chake na kuepukana na walanguzi wa samaki. Dhoruba inakiharibu chombo, na familia inarudi mikononi mwa wale iliojaribu kuwakimbia.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni usemi. Wavuvi wale wanasema lahaja yao ya Kisicilia, na filamu inamweleza mtazamaji tangu mwanzo kwamba huko Kiitalia si lugha ya maskini. Kauli hiyo ni ya kiisimujamii, nayo imewekwa mlangoni mwa filamu. Mtazamaji wa Roma au Milano aliyeingia ukumbini akidhani anakwenda kuwatazama wananchi wenzake alijikuta hawaelewi. Umbali kati ya kusini na kaskazini mwa Italia, uliokuwa ukijadiliwa magazetini, ukawa umbali wa sikio.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina mgongano ndani yake. Ili filamu ifahamike, sauti ya msimulizi aliye nje ya picha inaeleza matukio kwa Kiitalia sanifu. Kwa hiyo wavuvi wanasema, na juu yao kuna anayewasemea. Lugha ya maskini imepewa heshima ya kusikika, lakini lugha ya dola ndiyo iliyobaki na mamlaka ya kueleza. Mgongano huu haukuwa kasoro ya Visconti peke yake. Ni tatizo linalomkabili kila msanii anayeileta lugha isiyo na mamlaka mbele ya hadhira yenye mamlaka, na ndilo alilolirithi Sembène, katika mazingira magumu zaidi, barani Afrika.

5. Dakar: sauti iliyoazimwa

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akafanya kazi ya kupakua na kupakia mizigo katika bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa kabla ya kuigeukia sinema. Aliingia katika sinema akiwa mtu mzima aliyetambua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kukisoma kitabu cha Kifaransa.

Filamu yake fupi ya mwaka 1963, Borom Sarret, inamfuata kwa siku moja mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Hapewi jina, anaitwa kwa kazi yake. Anawabeba watu wasio na cha kulipa. Anampa msifu nasaba fedha alizozichuma, kwa sababu sifa za mababu zinamkumbusha kwamba zamani aliheshimika. Kisha anamkubali abiria anayetaka kupelekwa Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imekatazwa. Hapo mbinu mbili zinafanya kazi pamoja. Muziki wa asili uliokuwa ukisikika unaondoka na muziki wa Ulaya unashika nafasi yake. Vumbi linaisha, na kamera inaanza kutazama majengo marefu. Mtazamaji haambiwi kwamba miaka mitatu baada ya uhuru mji bado umegawanyika kama zamani. Anausikia mpaka ukivukwa. Polisi anamsimamisha mwendesha mkokoteni. Katika kutoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka, na polisi anaikanyaga kwa buti. Kamera inashuka chini iliko nishani. Kwa picha hiyo utumishi wa Mwafrika katika vita vya Ufaransa, na malipo yake, vimeelezwa pamoja.

La Noire de..., ya mwaka 1966, inaipeleka mbinu ya sauti mbali zaidi. Diouana, msichana wa Dakar aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, anachukuliwa na mabwana zake Wafaransa hadi Antibes, akidhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Anaishia kupika na kufagia ndani ya nyumba ambayo kwake ndiyo Ufaransa yote. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na Sembène anaitumia hali hiyo kwa makusudi: kuta ni nyeupe, vyombo ni vyeupe, bafu ni jeupe, na ndani ya weupe huo mtu mweusi anaonekana kama doa linalotakiwa kufutwa. Barakoa ambayo Diouana aliwazawadia mabwana zake alipoajiriwa Dakar imetundikwa ukutani, peke yake, mfano wa yeye mwenyewe.

Mbele ya mabwana zake Diouana hujibu kwa maneno machache sana. Wageni wanamzungumzia kana kwamba hasikii. Lakini mtazamaji anaisikia sauti yake ya ndani, na hiyo inatiririka: inahoji, inakumbuka, inakasirika, inaamua. Pengo kati ya sauti hizo mbili ndilo suala la jamii la filamu hii. Watumishi wa nyumbani hawakosi mawazo. Wamekosa mahali pa kuyasemea. Mbinu ya sauti ya nje ya picha, ambayo kwa Visconti ilikuwa ya msimulizi aliye juu ya wahusika, kwa Sembène imerudishwa kwa mhusika mwenyewe.

Imerudishwa, lakini si kikamilifu. Sauti hiyo ya ndani inasema Kifaransa fasaha ambacho Diouana, asiyejua kusoma wala kuandika, asingekuwa nacho. Wala si ya mwigizaji anayeonekana, bali ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji wa Haiti. Mwili ni wa mmoja, sauti ni ya mwingine, na lugha ni ya mwajiri. Filamu yenyewe inaonekana kulitambua tatizo hili. Barua inapofika kutoka kwa mama yake, Diouana hawezi kuisoma. Bwana wake anaisoma, kisha anaanza kumwandikia jibu bila kumwuliza anataka kusema nini. Diouana anaichukua barua na kuichana. Hiyo ndiyo mara ya kwanza anapokataa waziwazi, na anachokikataa ni kusemewa. Baadaye anajiua bafuni. Kifo chake kinaonyeshwa bila kilio na bila muziki wa kuamsha machozi, halafu kinafuatwa na picha ya habari ndogo gazetini. Mtazamaji aliyekaa na mawazo ya Diouana kwa muda wa saa moja anayaona mawazo hayo yakigeuzwa mistari michache ya chapa.

Jina la filamu hii nalo lina darasa lake. Limekatwa katikati: "mweusi wa", kisha nukta. Kihusishi cha Kifaransa kilichotumika huweza kuonyesha atokako mtu na huweza kuonyesha ammilikiye. Kiswahili kinabeba utata huohuo katika -a unganifu: "mtu wa Dakar" ni mzaliwa au mkazi, "mtumishi wa fulani" ni mwenye bwana. Diouana aliondoka akiwa wa Dakar. Antibes akawa wa fulani. Nukta zile zinamwachia mtazamaji kazi ya kujaza.

6. Mandabi: karatasi na kinywa

Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Kiafrika ya Afrika Magharibi. Lugha hiyo ni Kiwolofu. Ushindi haukuwa mwepesi: ufadhili wa Ufaransa uliandamana na masharti, na filamu ilipigwa kwa matoleo mawili, moja la Kiwolofu na jingine la Kifaransa.

Ibrahima Dieng, mzee mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara mjini Paris. Sehemu kubwa ya fedha si yake, ni amana. Posta wanataka kitambulisho. Kwa kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kwa cheti anatakiwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo haijui. Kila dirisha linampeleka dirisha jingine. Wakati huohuo habari za hawala zimeenea mtaani, na majirani wamekwisha kuja kukopa. Mwishoni ndugu msomi anayejitolea kumsaidia ndiye anayezila fedha.

Mbinu kuu hapa ni marudio na muda. Mwongozaji mwenye haraka angeonyesha dirisha moja la ofisi, na mtazamaji angeelewa. Sembène anamtembeza Dieng, na mtazamaji pamoja naye, kutoka foleni hadi foleni, mpaka uchovu wenyewe uwe maana. Mtazamaji anayeanza kutapatapa kwenye kiti chake amekwisha kufahamu jambo ambalo ripoti ya urasimu isingemfahamisha.

Na katika safari hiyo lugha zinagawana mahali. Nyumbani, msikitini na dukani ni Kiwolofu, na humo Dieng ana hadhi: anajua kusalimu, kutania, kuapa na kuagiza. Ofisini ni Kifaransa na karatasi, na humo anageuka mtoto. Hajapungukiwa akili kati ya mlango na dirisha, amebadilishiwa lugha. Kitu hicho hakionekani kabisa katika toleo la Kifaransa, ambamo watu wa nyumbani na watu wa ofisini wanasema lugha moja. Kisa ni kilekile, wahusika ni walewale, dhamira zingeorodheshwa vilevile. Lakini filamu imepoteza uti wa mgongo. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja ya mhadhara huu.

Hata jina lina historia hiyo. Neno la Kifaransa la hawala limemezwa na Kiwolofu na kufungwa pamoja na kibainishi chake, kama Kiswahili kilivyoyameza maneno ya posta, benki na stempu. Wananchi wamelitia neno katika sarufi yao; taasisi yenyewe imekataa kutiwa. Kwa Sembène sarufi na tahajia havikuwa mambo madogo. Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha Kaddu, jarida la Kiwolofu. Na filamu yake Ceddo, ya mwaka 1977, ilipozuiwa Senegali, sababu rasmi iliyotolewa ilikuwa kwamba ameandika jina hilo kwa d mbili, kinyume cha kanuni za serikali za kuandika Kiwolofu.

7. Nairobi: msimbo na manukuu

Filamu ya David Tosh Gitonga, Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, ndiyo ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Si ya uhalisia mkavu wa mtindo wa De Sica. Ina mwendo wa filamu za uhalifu. Lakini msingi wake ni uleule. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuwaigizia wateja vipande vya filamu. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Siku ya kwanza ananyang'anywa kila kitu, anakamatwa na kulazwa korokoroni, ambako anashurutishwa kusafisha choo kichafu. Kuanzia hapo anaishi maisha mawili, moja katika genge na jingine katika ukumbi wa tamthilia.

Maisha hayo mawili yametenganishwa kwa lugha kuliko kwa maleba. Kuna Kigikuyu cha nyumbani, Kiswahili cha jiji, Sheng ya vijana wa mtaani na Kiingereza cha jukwaa na wenye nafasi. Uwezo wa Mwas wa kuigiza, ambao ndio kipaji chake, ni ule unaomwezesha pia kuhama kutoka msimbo hadi msimbo na kusalimika. Kuchanganya na kubadili msimbo, mada inayofundishwa katika isimujamii kwa mifano ya sentensi zilizokatwa vipande, hapa ni suala la kula au kulala njaa.

Lakini filamu hii inapotazamwa nje ya Afrika Mashariki, Kigikuyu, Kiswahili na Sheng vyote hutokea chini ya picha kama Kiingereza kimoja kilichonyooka. Manukuu husawazisha. Yanahifadhi yaliyosemwa na kuufuta mpaka uliovukwa katika kuyasema. Mhakiki wa mbali huona kijana, jiji na bunduki. Huandika juu ya uhalifu, na hana budi, kwa kuwa ndicho alichoonyeshwa. Anayeijua lugha husikia ngazi ya kijamii ikipandwa na kushukwa katika kila mazungumzo. Kwa hiyo mtaalamu wa Kiswahili hazikaribii filamu za aina hii kama mgeni aliyepotea njia kutoka idara ya fasihi. Ana sikio ambalo uhakiki wa sinema unalihitaji na kwa sehemu kubwa haunalo.

8. Pingamizi na hitimisho

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mbinu hizi zote ni hila tu: mahali halisi, sura ngeni na lugha ya mtaani vinaweza kumfanya mtazamaji auamini uongo kwa urahisi zaidi, na umaskini ukageuzwa pambo la kuwaburudisha walioshiba. Pingamizi hili ni la haki. Uhalisia si nakala ya uhalisi. Rafu za mashuka zilichaguliwa, pembe ya kamera ilichaguliwa, na filamu nyingi za Italia za wakati ule ziliwekewa sauti baada ya picha kupigwa. Lakini jibu lake haliko katika kuziacha mbinu. Liko katika kuzihoji. Filamu inayoufanya umaskini kuwa pambo nayo hujulikana kwa mbinu zake: kamera humtazama maskini kutoka juu au kutoka mbali salama, muda hutolewa kwa mateso yake na si kwa kazi yake, naye hulia zaidi kuliko anavyosema.

Yaliyojadiliwa yanaweza kukusanywa katika maswali matatu ya kumwongoza mwanafunzi. La kwanza, kamera imesimama wapi, na kutoka hapo nani anaonekana mkubwa na nani mdogo? La pili, muda wa filamu umetumiwa kwa ajili ya nani, na ni kitu gani kimekatwa haraka? La tatu, sauti inayosikika ni ya nani, kwa lugha gani, na nani amebaki akisemewa? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali haya kwa mifano mahususi atazifikia dhamira bila kuziorodhesha, na atajua pia kwa nini filamu moja imemwingia na nyingine imempita.

Swali la tatu linawahusu wanazuoni wa Kiswahili zaidi ya wengine. Kiswahili leo kinasikika katika filamu nyingi za Tanzania na Kenya. Kusikika huko ni jambo la maana, lakini filamu za Aci Trezza, Antibes na Dakar zimeonyesha kwamba lugha inaweza kuwamo ndani ya filamu na bado isiwe na mamlaka humo. Inaweza kuwa lugha ya kulilia wakati nyingine ni ya kuamulia. Kazi ya kuipambanua hali hiyo, filamu kwa filamu na onyesho kwa onyesho, inahitaji watu wanaoijua kamera na wanaoijua sarufi. Idara za Kiswahili zinao wa pili; zikiwafundisha kuitazama picha kwa makini uleule wanaoitazama nao sentensi, zitawapata wa kwanza pia.